Mikono, Daktari

Maji yamekatika tena tangu Alhamisi.
Mwenye mkokoteni kaleta madumu sita hadi lango la nyuma,
ataka hamsini juu ya kila dumu, "hospitali kubwa hii, mwakosa pesa?"
Nami Umazi, nesi wa zamu ya usiku,
nikatia sahihi nyuma ya boksi la glavu.

Kitanda cha pili amelala Bi Zuhra Mbwana,
muuza achari wa Kongowea.
Vidole vyake vingali na manjano ya binzari,
tuliifuta, ikakataa.
Shingoni ana mrija,
mwembamba kama utambi wa koroboi,
umeingia hadi mlangoni pa moyo.
Dawa hupita hapo.
Na kinginecho chochote, kikipewa nafasi:
mlango haujui nani mgeni, nani mwizi.

Kwa hiyo nasugua.
Kila nitakapo kuutumia mdomo wa mrija, nasugua kwanza,
pamba na spiriti, sekunde kumi na tano.
Saa ya mkononi hairuhusiwi humu,
basi nahesabu kwa vituo vya njia ya kwetu:
Miritini. Jomvu. Mikindani.
Changamwe. Daraja la Makupa.
Sabasaba.
Hushuki kabla ya Mwembe Tayari.

Mwaka juzi kitanda hiki kilikuwa cha Nyale,
fundi wa kuchomelea mageti.
Mapafu yalishapona, ashaanza kudai chai ya tangawizi.
Siku ya kumi na mbili akatetemeka
hata kitanda kikagonga ukuta.
Maabara wakaandika jina refu la kidudu
kinachoishi kwenye ngozi ya kila mtu,
yangu, yako.
Mkono wa nani? Hatukuulizana.
Tangu hapo nanawa kama aliyepoteza pete ndani ya povu.

Saa nane usiku akaingia Daktari Bawazir,
aliyefundisha nusu yetu, ana haraka,
mkono umeshanyooka kuelekea bandeji.
"Mikono, Daktari."
Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyoipanga.
Akanitazama. Mashine ikapumua mara tatu, nne.
Kisha akageuka, akachota kata ya maji ya mkokoteni,
akanawa hadi viwiko,
asiseme asante, asiseme lolote.
Kesho yake alinawa akiwa bado mlangoni,
akanionyesha viganja, kama mtoto kabla ya kula.

Na binti, Swabra, kaja na hirizi ya ngozi nyeusi.
"Bibi kasema shingoni, si penginepo."
Nikamwonyesha bandeji angavu, tarehe kwa wino,
na chini yake kile kitundu, kidogo kuliko punje ya mtama.
Tukashindana kwa upole, akalia kidogo.
Tukakubaliana chuma cha kitanda, upande wa kichwa,
baada ya mimi kuipangusa kwa spiriti.
"Na hirizi nayo hunawishwa?"
Akacheka, machozi hayajakauka.

Kila asubuhi nauliza swali lilelile,
wamenichoka, nauliza tu, kama mwenye kudai deni:
mrija huu, leo, una kazi gani?
Siku ya tisa hapakuwa na jibu.
"Toa," akasema Bawazir.
Bi Zuhra akazuia pumzi, nikauvuta,
ukatoka safi,
kama uzi uliosahauliwa na fundi kwenye nguo mpya.
Nikabana pamba pale, dakika tano nzima.

Ubaoni nikafuta sitini na tatu, nikaandika sitini na nne.
Hapigwi picha mtu kwa homa ambayo haikuja.

Mchana wakamhamishia wodi ya kawaida.
Jina langu halijui.
Alinishika tu kiganja, akakigeuza,
akapitisha kidole cha manjano juu ya mipasuko.
"Mwanangu, nawe wamenya maembe mabichi?"
"La, Mama. Nanawa."